SPI kwenye bodi ya Linux: chipu ikijibu 00 00 00 00, anza na waya mmoja wa jampa

Msomaji ameuliza hivi: "Mkuu habari. Nina Raspberry Pi 4 na chipu ya flashi W25Q64, ile chipu tupu nimeilehemu kwenye ubao mdogo wa adapta, nimeunganisha waya sita. Mwanzo /dev/spidev haikuwepo kabisa, nikahangaika ikaja, sasa nikisoma ID napata 00 00 00 00 tu. Nimejaribu modi zote nne, nimeshusha spidi, nimebadilisha hadi chipu, bado sifuri. Je chipu ni feki au Pi imeungua? Na baadaye nataka nihamie bodi nyingine ambayo kerneli najenga mwenyewe, huko SPI naiseti vipi?"

Salama mkuu. Kwanza usitupe chipu wala Pi, mpaka sasa hakuna ushahidi wowote kwamba kimojawapo kimekufa. Na kwenye swali lako umeandika kitu ambacho kimenishtua, umesema waya sita, wakati hiyo chipu ina miguu minane. Hapo nitarudi, ila sitaki nikwambie tu "unganisha miguu miwili iliyobaki" afu tukaachana, maana kesho utakuja na sensa au skrini utakutana na sifuri zilezile na utakuwa huna pa kuanzia.

Kitu kinachofanya SPI, yaani njia ya waya chache ya bodi kuongea na chipu, isumbue watu ni kwamba haina kuitikiana. Kwenye I2C, njia nyingine ya waya mbili, masta (hapa ni bodi yako) akiita anwani, kifaa kama kipo kinavuta waya chini kwa biti moja kusema nipo, ndo maana unaweza kupitisha i2cdetect ukaona nani yuko kwenye basi. SPI haina kitu hicho. Masta anachapa kloki, anasukuma biti, anasoma chochote kilichopo kwenye waya wa kurudi, kiwe jibu, kiwe kelele, kiwe waya uliokatika, kwake ni sawa tu na kerneli itakurudishia "imefanikiwa" bila kosa lolote. Hata /dev/spidev0.0 yenyewe haimaanishi kuna chipu, ng'oa kila kitu kwenye pini uwashe bodi upya, bado utaikuta pale. Kwa hiyo ushahidi inabidi uutengeneze mwenyewe, tabaka kwa tabaka kuanzia chini, na usiruke tabaka.

Kwanza tuelewane data inavyotembea, maana nusu ya makosa ya programu yanatoka hapa. Fikiria masta ana rejista ya biti 8 na chipu ina rejista ya biti 8, zimeunganishwa duara kwa waya mbili, MOSI inatoka kwa masta kwenda kwenye chipu na MISO inatoka kwenye chipu kurudi kwa masta. Kila kloki moja biti moja inatoka kwa masta na biti moja inaingia kwa masta, kwa wakati uleule. Baada ya kloki 8 baiti moja imeenda na baiti moja imerudi. Maana yake hakuna kusoma bila kuandika, ukitaka baiti tatu kutoka kwenye chipu lazima usukume baiti tatu za kujaza tu ili kloki zitembee. Na ile baiti inayorudi wakati unatuma amri ni takataka, maana chipu haijajua bado unataka nini. Ndo maana kusoma ID kwa amri 9F unatuma baiti nne, 9F na sifuri tatu, na ya kwanza inayorudi unaitupa.

Sasa twende kwenye bodi. Kwenye Pi SPI imezimwa kiwandani, unaiwasha kwa kuweka mstari huu kwenye config.txt, ambayo kuanzia toleo la Bookworm la mwaka 2023 imehamia /boot/firmware/config.txt, zamani ilikuwa /boot/config.txt, watu wengi wanaedit ile ya zamani wanashangaa hakuna kinachobadilika:

dtparam=spi=on

Zima washa, afu

ls /dev/spidev*

Utaona spidev0.0 na spidev0.1. Namba ya kwanza ni basi, ya pili ni waya wa kuchagua chipu, yaani CS. Ukiona spidev10.0 kwenye Pi 5 usiiguse kabisa, hiyo inaelekea kwenye EEPROM ya butiloda, yaani kumbukumbu ya programu inayowasha bodi yenyewe. Kama teminali inasema huna ruhusa, jiongeze kwenye grupu la spi kwa sudo usermod -aG spi na jina lako, utoke uingie tena. Usizoee kuendesha kila kitu kwa sudo, sio kwa sababu ya usalama tu, ila kwa sababu siku programu itakapoendeshwa kama huduma bila root utasahau kwamba tatizo ni ruhusa.

Afu cheki pini zimekaa kwenye kazi yake kweli:

pinctrl get 7-11

Kwenye matoleo ya zamani ni raspi-gpio get 7-11. GPIO 9, 10 na 11 lazima ziwe kwenye a0, kazi mbadala namba sifuri, hizo ndo MISO, MOSI na SCLK (waya wa kloki). GPIO 8 na 7 ambazo ni CS mbili utazikuta zimeandikwa ni pini za kutoa za kawaida, usiogope, kerneli inaziendesha yenyewe kama GPIO. Kama 9 au 10 au 11 iko kwenye kuingiza au kutoa kawaida, basi kuna programu au ovalei nyingine imeiteka, itafute hiyo kwanza.

Sasa ndo unakuja waya mmoja wa jampa. Ng'oa chipu yako yote, usibakize hata waya mmoja, afu unganisha pini ya 19 na pini ya 21 kwenye hedi ya Pi, yaani MOSI moja kwa moja kwenye MISO. Unachotuma kinatakiwa kirudi vilevile. Sakinisha python3-spidev kwa apt kama huna, afu:

import spidev
s = spidev.SpiDev()
s.open(0, 0)
s.max_speed_hz = 500000
s.mode = 0
print([hex(b) for b in s.xfer2([0xA5, 0x5A, 0x00, 0xFF])])

Ukipata a5, 5a, 0, ff, ng'oa jampa uendeshe tena. Hatua hii ya pili watu wanairuka na mi naiona ni muhimu kuliko ya kwanza, maana inakuonyesha waya wa kurudi unasomekaje pale ambapo hakuna anayeongea. Kwenye Pi ile GPIO 9 kwa kawaida ina rezista dhaifu ya ndani inayoivuta chini, kwa hiyo bila jampa utapata sifuri zote. Kwenye bodi ambayo pini hiyo inavutwa juu utapata ff zote. Umeshaona inakoelekea? Sifuri zako nne kwenye bodi yako zina maana moja iliyo wazi sana, hakuna mtu anayeongea kwenye MISO. Sio kwamba chipu inajibu vibaya, haijafungua mdomo kabisa. Ndo maana kubadilisha modi nne hakukusaidia na kusingesaidia, modi inaamua tu biti isomwe kwenye ukingo upi wa kloki, ikikosewa mara nyingi unapata data iliyopinda, hupati ukimya.

Jaribio la jampa lina mipaka yake nayo uijue. Linathibitisha kontrola, draiva, kerneli, programu yako, na pini za MOSI na MISO. Halithibitishi SCLK wala CS, kwa sababu kontrola inatumia kloki yake ya ndani kusoma kile kilichorudi, kwa hiyo hata mguu wa SCLK ukiwa umevunjika kwenye hedi jampa itapita vizuri tu. Hizo mbili zipime kivyake. CS ukiwa hufanyi chochote lazima isome kama volti 3.3 kwenye multimita. Afu andika lupu inayotuma baiti 4096 bila kupumzika upime tena, CS itaonekana imeshuka karibu na sifuri, na SCLK itaonyesha volti fulani ya katikati maana inapanda na kushuka haraka na multimita inakupa wastani. Ukiwa na lojiki analaiza, hata zile ndogo za njia 8 zinazotumika na PulseView, mambo yanakuwa rahisi zaidi, unaona kila biti kwa macho na programu inakusomea baiti yenyewe. Kama unategemea kufanya kazi hizi kwa muda, hicho ndo kifaa cha kwanza ningekushauri upate, kabla hata ya oskiloskopu.

Haya, turudishe chipu. Hedi ya Pi imepangwa kwa hisani, upande wa namba witiri ukianzia pini 17 una volti 3.3, 19 ni MOSI, 21 ni MISO, 23 ni SCLK, 25 ni graundi, zote mstari mmoja, na CS ya kwanza iko pini 24 pembeni yake. Kwenye W25Q64 mguu wa 1 ni CS, wa 2 ni DO, wa 3 ni WP, wa 4 ni graundi, wa 5 ni DI, wa 6 ni CLK, wa 7 ni HOLD, wa 8 ni umeme. DO inaenda kwenye MISO na DI inaenda kwenye MOSI. Nasisitiza hapa kwa sababu waliozoea UART wanapishanisha waya, TX kwenda RX na RX kwenda TX, wakija SPI wanafanya hivohivo kwa majina. SPI hakuna kupishanisha, majina ya MOSI na MISO yameshataja nani anatoa na nani anapokea, shida ni kwamba chipu zinaandika DI na DO kwa mtazamo wa chipu yenyewe. DO ni kinachotoka kwenye chipu, basi kinaingia kwa masta.

Sasa miguu miwili uliyoiacha, WP (wa kuzuia uandishi) na HOLD. HOLD kazi yake ni kuisimamisha chipu katikati ya mazungumzo. Ikiwa chini wakati CS iko chini, chipu inaachia waya wa DO kabisa na inapuuza kloki na data zote unazotuma. Mguu ulioachwa bila kuunganishwa unaelea, na mguu unaoelea unaweza kusomeka chini, juu, au ubadilike kila dakika kutegemea hewa na mkono wako. Kuna matoleo ya chipu hii yanayotoka kiwandani na biti ya QE (ya kuruhusu data kupita kwenye waya nne) imewashwa ambayo inaizima kazi ya HOLD, hayo yanafanya kazi hata ukiiacha wazi, ndo maana utakuta mtu anakuapia kwamba yake alitumia waya sita na ikakubali. Yako inawezekana sio toleo hilo. Unganisha mguu wa 3 na wa 7 kwenye volti 3.3, ukitaka vizuri zaidi pitisha rezista ya kilo-omu 10 kila mmoja, na uweke kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 8 na wa 4, karibu na chipu kadri unavyoweza.

Nakwambia hivi nikiwa na kumbukumbu chungu. Niliwahi kuwa na bodi yenye flashi ya aina hiihii, nikikaribisha kidole kwenye chipu inasoma ID vizuri kabisa, nikitoa kidole inanyamaza. Siku mbili nzima nililehemu upya kila mguu nikiamini kuna ulehemu uliopasuka, mpaka nilipokaa chini nikasoma datashiti maelezo ya mguu wa 7 neno kwa neno. Kidole changu kilikuwa kinafanya kazi ya rezista. Tangu siku hiyo chipu yoyote mpya nahesabu miguu kwanza na kila mguu najiuliza huu uko juu, uko chini, au unaelea, kabla sijawasha umeme.

Ukishaunganisha, endesha:

print([hex(b) for b in s.xfer2([0x9F, 0, 0, 0])])

Baiti ya kwanza ipuuze, tatu zinazofuata unatakiwa uone ef, 40, 17. EF ni Winbond, 40 ni familia, 17 ni ukubwa, mbili kwa kipeo cha 23, yaani megabaiti 8. Ukiona 18 mwishoni ni ya megabaiti 16, ukiona 16 ni ya megabaiti 4. Ukiona 60 katikati ujue ile familia ni ya volti 1.8, ichomoe haraka, haikutakiwa kupewa 3.3.

Na kama itakuja kitu kingine, usikitupe, kisome kwa biti, kina habari. Ukipata 77 a0 0b au f7 a0 0b, andika EF 40 17 kwa biti ukasukume zote nafasi moja kulia, utaona ndo hizohizo. Ukipata de 80 2e, zimesogea nafasi moja kushoto. Data iliyosogea biti moja inakwambia chipu iko hai na inaongea, ila unaisoma kwenye ukingo mbaya wa kloki, kwa hiyo hapo sasa ndo unagusa modi, au unashusha spidi kama waya ni ndefu. Chipu hii inakubali modi 0 na modi 3, tumia 0. Ukipata namba zinazobadilika kila ukiendesha, hiyo ni graundi mbovu au waya ndefu au CS inayoelea. Ukipata ff zote kwenye Pi wakati bila chipu ulikuwa unapata sifuri, basi kuna kitu kinashikilia MISO juu kwa nguvu, cheki kama hukuchomeka kwenye 3.3 kwa makosa. Na kama bado ni sifuri baada ya haya yote, tuma amri AB na baiti nne za kujaza, hiyo inaiamsha chipu iliyolazwa kwa amri B9, na baiti ya mwisho kurudi kwa W25Q64 ni 16. Chipu iliyolala inapuuza kila kitu isipokuwa hiyo AB.

Kuhusu spidi, anza kilohezi 500 mpaka ID isome mara mia bila kukosea ndo upande. Chipu yenyewe kwa amri ya 03, ile ya kusoma data, inavumilia hadi megahezi 50, ila waya zako za bredibodi hazitavumilia, zifanye fupi na usishangae zikikataa ukipita megahezi chache. Jua pia kwamba kontrola inagawanya kloki yake kwa namba kamili, kwa hiyo spidi uliyoomba sio lazima uipate, unapewa ya karibu isiyozidi.

Makosa ya programu yako matatu ambayo nayaona kila mara. La kwanza mtu anafanya write ya amri, afu read ya majibu, kama vile ni faili. Kati ya hizo mbili CS inapanda, na CS ikipanda chipu inasahau amri yote, inaanza upya. Amri na majibu lazima viwe ndani ya muamala mmoja, kwenye Python ni xfer2, kwenye C ni ioctl ya SPI_IOC_MESSAGE. La pili ni hukohuko kwenye C, struct spi_ioc_transfer haikusafishwa kwa memset kabla ya kujazwa, takataka za kwenye staki zinaingia kwenye sehemu ambazo hukuzigusa na kerneli inakutupia EINVAL (kosa la thamani batili), leo inakubali kesho inakataa, inatia wazimu. La tatu ni ukubwa, bafa ya spidev kwa kawaida ni baiti 4096, ukiomba zaidi unapata "Message too long". Cheki kwa cat /sys/module/spidev/parameters/bufsiz, unaweza kuipandisha kwa kuweka spidev.bufsiz=65536 kwenye mstari wa kubuti. Kuna xfer3 inayokata vipande yenyewe, ila kwa flashi usiitumie hivihivi, kila kipande ni muamala wake, CS inapanda katikati na kipande cha pili kinakuja bila amri wala anwani. Soma vipande vya 2048 mwenyewe, kila kimoja na 03 yake na anwani yake ya baiti tatu.

Sasa swali lako la pili, bodi yenye kerneli yako. Hapa hakuna dtparam ya kukubeba, kazi ni mbili, setingi za kerneli na mti wa vifaa, yaani zile faili za .dts. Kwenye kerneli hakikisha una CONFIG_SPI, CONFIG_SPI_MASTER, CONFIG_SPI_SPIDEV, na draiva ya kontrola ya prosesa yako, hii ndo inayosahaulika, mfano SPI_IMX, SPI_ROCKCHIP, SPI_SUN6I, SPI_OMAP24XX. Spidev ni mlango tu wa kufikia basi kutoka kwenye programu zako, haijui kuendesha maunzi ya prosesa yako. Kwenye mti wa vifaa unaandika hivi:

&spi0 {
    pinctrl-names = "default";
    pinctrl-0 = <&spi0_pins>;
    status = "okay";

    flash@0 {
        compatible = "jedec,spi-nor";
        reg = <0>;
        spi-max-frequency = <10000000>;
    };
};

Jina spi0_pins ni la mfano, litafute kwenye .dtsi ya prosesa yako linaitwaje. reg hapa sio anwani ya kumbukumbu, ni namba ya CS, na ilingane na ile namba baada ya @. spi-max-frequency ni kwa hezi. Kama CS yako iko kwenye pini ya GPIO ya kawaida unaongeza cs-gpios kwenye nodi ya kontrola.

Ukibuti, usikimbilie /dev, panda ngazi. Angalia /sys/class/spi_master, kama spi0 haipo basi kontrola yenyewe haijaamka, hapo ni draiva haikujengwa, au status bado ni disabled, au pini zimetekwa na nodi nyingine, dmesg itakwambia, na kama inasubiri kitu kingine kama kloki au DMA itaonekana kwenye /sys/kernel/debug/devices_deferred. Kama spi0 ipo ila /sys/bus/spi/devices haina spi0.0, tatizo ni nodi ndogo ya kifaa, haikuingia kwenye dtb (ile .dts ikishajengwa) uliyobuti nayo, na mara nyingi sana ni kwamba umebuti na dtb ya zamani. Tazama kwa macho ndani ya /proc/device-tree kilichopakiwa kweli, usiamini faili uliyo nayo kwenye kompyuta. Kama spi0.0 ipo ila haina draiva, basi neno la compatible halikumpata mwenyewe.

Na hapo kuna mtego. Mafunzo mengi ya zamani yanakwambia uandike compatible = "spidev". Kerneli mpya zinaikataa kabisa, kwenye dmesg utaona "spidev listed directly in DT is not supported" na hakuna /dev yoyote. Sababu yao ni ya msingi, mti wa vifaa unatakiwa ueleze kifaa kilichopo kweli, na spidev sio kifaa, ni draiva ya Linux. Watu wanakwepa kwa kuandika "rohm,dh2228fv", jina lililokosewa herufi la chipu halisi BH2228FV ya kubadili namba kuwa volti, ila liko kwenye orodha ya spidev, inafanya kazi mezani ila mi siipendi kwenye bidhaa, mtu atakayekuja baada yako ataitafuta hiyo chipu kwenye bodi asiione. Njia safi ni kuandika jina la kweli la kifaa chako, afu kuikabidhi kwa spidev ukiwa ndani ya mfumo:

echo spidev > /sys/bus/spi/devices/spi0.0/driver_override
echo spi0.0 > /sys/bus/spi/drivers/spidev/bind

Kama kilikuwa kimeshashikwa na draiva nyingine, kwanza andika spi0.0 kwenye unbind ya draiva hiyo. Na hapa pia jampa haikwepeki, bodi mpya ikishakupa spidev, kabla hujaweka chipu rudia lile jaribio la waya mmoja. Kama huna Python humo, kwenye source ya kerneli kuna tools/spi/spidev_test.c, ijenge na uiendeshe na -D /dev/spidev0.0 -v, ikirudi sawa mstari wa RX utaishia na F0 0D kama ulivyo wa TX.

Ila kwa flashi yako mkuu, nikuulize, una sababu gani ya kubaki na spidev? Ukiacha ile nodi ya jedec,spi-nor kama ilivyo hapo juu na kuwasha CONFIG_MTD na CONFIG_MTD_SPI_NOR, kerneli inasoma ID yenyewe, inaitambua chipu, inakupa /dev/mtd0, unafuta na kuandika kwa flash_erase na flashcp za mtd-utils, mambo ya kusubiri biti ya kazi imalizike na kuruhusu uandishi kila mara yote yameshaandikwa na watu na kujaribiwa miaka. Kuna draiva kama hizo kwa ADC, skrini, sensa za joto, kontrola za CAN. Spidev itumie kujaribu na kwa kifaa ambacho hakina draiva, na hata hapo ID uisome kwa spidev kwanza ukiwa na uhakika na waya, ndo uikabidhi kwa draiva ya kweli.

Kitu cha mwisho kabla hujaandika chochote kwenye hiyo flashi, uandishi unaweza kugeuza biti 1 kuwa 0 tu, kurudisha 1 lazima ufute, na kufuta kidogo kabisa ni sekta ya kilobaiti 4. Na kuandika ni kurasa za baiti 256, ukipita mwisho wa ukurasa haiendelei ukurasa unaofuata, inarudi mwanzo wa ukurasa uleule na kuandika juu ya ulichotoka kuandika. Anza na hiyo miguu ya 3 na 7, afu niandikie zile baiti nne zilizorudi, zote nne pamoja na ile ya kwanza, na kama ukinyamaziwa tena niambie pia jampa ilikupa nini.